Hoja saba za kuzinyima hifadhi fedha, na majibu yake

Kila mwaka Bunge la Bajeti linapokaa Dodoma, na fungu la Wizara ya Maliasili na Utalii linapofika mezani, hoja zilezile hurudi. Husemwa bungeni, hurudiwa vijiweni na kwenye vipindi vya redio vya asubuhi. Wengi wanaozitoa si maadui wa wanyamapori. Ni watu walioona zahanati isiyo na dawa na darasa lisilo na madawati, wakajiuliza kwa nini shilingi ya umma inunue dizeli ya gari la doria. Swali hilo ni la haki na linastahili jibu.

Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo. Ukikata fedha za hifadhi, hasara utakayopata itakuwa kubwa mara nyingi kuliko ulichookoa, na sehemu ya hasara hiyo hutaweza kuirudisha kwa fedha yoyote. Hili si jambo la kubuni. Tanzania imeshalijaribu zaidi ya mara moja, na matokeo yake yamehesabiwa kutoka angani kwa sensa za ndege. Tuzipitie hoja moja baada ya nyingine.

Hoja ya kwanza: "Hospitali na madarasa kwanza, tembo baadaye"

Hoja hii inachukulia kwamba anayelipia hifadhi anachota kwenye kapu la hospitali. Hesabu za taifa zinaonyesha vingine. Kabla ya janga la UVIKO-19, utalii ulikuwa ukichangia takriban asilimia 17 ya pato la taifa na robo ya fedha za kigeni. Mwaka 2019 tulipokea watalii wa kimataifa 1,527,230, na mapato yakafikia dola za Marekani bilioni 2.6. Mwaka 2023 idadi ilipanda hadi 1,808,205. Wengi wa wageni hao wanafuata nyumbu wa Serengeti, kreta ya Ngorongoro na kilele cha Kilimanjaro. Dola wanazoziacha ndizo zinazosaidia kuagiza dawa, vifaa vya maabara na mafuta ya magari ya wagonjwa. Hakuna mfugaji anayemkamua ng'ombe asubuhi na jioni, kisha akamnyima majani kwa maelezo kwamba watoto wanahitaji maziwa zaidi.

Tuache hata dola, tuzungumzie maji. Mto Ruvu, ambao ndio tegemeo kubwa la wakazi wa Dar es Salaam na Pwani, unapata maji yake kutoka misitu ya milima ya Uluguru. Oktoba 2022 kina cha mto huo kiliposhuka, jiji liliingia kwenye mgao wa maji, na kina mama wakarudi kupanga foleni za ndoo kwenye visima vya mitaani. Ruaha Mkuu, unaopita katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha na kulisha mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu, ulianza kukauka wakati wa kiangazi mwaka 1993. Kabla ya hapo haukuwa ukikauka. Maji hayo yanategemea mabonde na misitu ambayo mtu fulani analipwa kuilinda. Mgonjwa anahitaji kidonge. Anahitaji pia maji ya kukimezea, na daktari wake anahitaji umeme kwenye chumba cha upasuaji.

Hoja ya pili: "Hifadhi zijitegemee, isiyoleta faida isibebwe"

Tanzania ina hifadhi za taifa 21. Kwa miaka mingi hifadhi chache za kaskazini, yaani Serengeti, Kilimanjaro, Tarangire, Ziwa Manyara na Arusha, ndizo zilizokuwa zikipata ziada na kuzibeba nyingine zote. Anayetazama daftari la getini peke yake ataziona Katavi, Mahale au Rubondo kuwa mzigo. Lakini kisiwa cha Rubondo kinalinda mazalia ya samaki wa Ziwa Victoria, na sato anayezaliana kwenye maji yake halipi kiingilio. Faida yake inaonekana kwenye mwalo wa mvuvi na kwenye sahani ya mlaji wa Mwanza na Geita.

Gombe ni hifadhi ndogo kuliko baadhi ya kata zetu. Jane Goodall alifika pale Julai 1960, na utafiti wa sokwe alioanzisha umeendelea hata baada ya kifo chake Oktoba 2025. Ni miongoni mwa tafiti ndefu kuliko zote duniani kuhusu wanyama wa porini. Kama Gombe ingefungwa miaka ya 1970 kwa sababu mapato ya getini hayatoshi, elimu hiyo yote ingepotea, na jina la Kigoma lisingejulikana katika vyuo vikuu vya dunia.

Na Serengeti yenyewe, ambayo leo inatajwa kama mfano wa hifadhi inayojilipia, haikuwa hivyo siku zote. Mwaka 1977 mpaka wetu na Kenya ulifungwa. Watalii waliokuwa wakipitia Nairobi wakakatika, mapato yakaanguka, doria zikapungua kwa kiwango kikubwa. Majangili hawakuchelewa. Nyati walipungua vibaya, tembo wakakimbia na kuuawa, faru wakabaki wa kuhesabika kwa vidole. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 katika jarida la Science ulilinganisha kumbukumbu za doria na idadi ya wanyama kwa miongo kadhaa. Ulikuta kwamba kuanguka kwa doria mwaka 1977 kuliongeza ujangili, na kwamba bajeti na doria zilipoongezeka kuanzia katikati ya miaka ya 1980, nyati, tembo na faru walianza kurudi. Serengeti inayoleta mabilioni leo ipo kwa sababu mtu aliamua kuilipia wakati haina kitu.

UVIKO-19 ulitukumbusha somo hilo. Mwaka 2020 watalii walishuka hadi 620,867. Hifadhi inayotegemea geti peke yake ingefunga milango. Kilichosaidia ni fedha za umma: Hazina ilibeba mishahara, na mwaka 2021 sehemu ya mkopo wa IMF wa shilingi trilioni 1.3 ilielekezwa kwenye utalii, ikiwamo ununuzi wa mitambo ya kutengenezea barabara za hifadhini. Anayesema hifadhi zijitegemee aeleze zitakula nini mwaka ambao ndege hazitui.

Hoja ya tatu: "Mapato yote yaende Mfuko Mkuu, hifadhi ziombe kama idara nyingine"

Hii ndiyo hoja yenye sura ya utaratibu mzuri, na ndiyo imefika mbali zaidi. Sheria ya Fedha ya mwaka 2020 ilizibadilisha sheria za hifadhi za taifa, Ngorongoro na uhifadhi wa wanyamapori. Makusanyo yakahamia Mamlaka ya Mapato na kuingia Mfuko Mkuu wa Serikali. Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, lililokuwa likikusanya, kupanga na kutumia, likaanza kusubiri mgao. Waliotetea mabadiliko hayo walisema fedha ya umma ni moja, na Bunge lazima lijue inakwenda wapi. Kanuni hiyo sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na matokeo yake porini, na ili kuyaelewa inabidi turudi Selous.

Pori la Akiba la Selous lilikuwa na ukubwa wa takriban kilomita za mraba 50,000, na tangu 1982 ni Urithi wa Dunia. Katikati ya miaka ya 1970, Selous na maeneo yanayoizunguka yalikuwa na tembo zaidi ya 100,000. Ujangili wa miaka ya 1980 uliwafagia hadi wakabaki chini ya 30,000. Faru, waliokadiriwa kuwa 3,000 hivi, karibu waishe kabisa. Mwaka 1989 Serikali iliendesha Operesheni Uhai, na mwaka huohuo dunia ikakubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya meno ya tembo.

Baada ya hapo likafanyika jambo la busara. Kwa msaada wa Ujerumani, katikati ya miaka ya 1990 Selous iliruhusiwa kubaki na nusu ya mapato yake, ambayo mengi yalitokana na uwindaji wa kitalii. Mkuu wa pori alijua mwaka unapoanza ana nini mkononi. Magari yalitengenezwa, viwanja vya ndege vya porini vikafyekwa, askari wakapata sare na chakula cha doria. Tembo wakaongezeka mwaka hadi mwaka, na sensa ya 2006 ikahesabu takriban 70,000.

Kisha utaratibu ule ukaanza kubomolewa. Fedha zilizokuwa zikibaki Selous zilikuwa takriban dola milioni 2.8 mwaka 2005. Miaka michache baadaye zikaporomoka hadi chini ya dola milioni moja, na mwisho utaratibu wenyewe ukaondolewa. Eneo linaloizidi Denmark kwa ukubwa likabaki na bajeti isiyotosha hata kuendesha magari yake. Sensa ya mwaka 2013 ikahesabu tembo 13,084 katika mfumo wa Selous na Mikumi. Kwa nchi nzima, tembo walishuka kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi 43,000 hivi mwaka 2014. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka Selous kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ulio hatarini, na ndipo Serikali iliporudisha utaratibu wa pori kubaki na mapato yake.

Sisemi kwamba bajeti peke yake iliwaua tembo hao. Bei ya pembe ilipanda Asia, mitandao ya wahalifu ilikuwa na fedha nyingi, na wapo watumishi wa umma walioshiriki. Lakini mhalifu mwenye fedha anatafuta mahali pasipo na ulinzi, na kwa miaka ile sisi ndio tuliomfungulia mlango.

Utaratibu wa kuomba unaumiza zaidi mahali ambapo mkaguzi wa Dodoma haoni kwa urahisi. Mishahara hulipwa kwanza, na ni haki. Kinachobanwa au kuchelewa ni matumizi mengineyo: dizeli, matairi, betri za redio, posho ya doria, unga na maharage ya siku kumi porini. Matokeo yake ni askari anayelipwa mshahara lakini hana namna ya kufika kwenye eneo analolinda. Kwenye vitabu kituo kipo na ikama imekamilika. Porini hakuna mtu.

Ndiyo maana Serikali yenyewe baadaye ilianza kulegeza kamba, ikairuhusu sehemu ya mapato kubaki tena kwa taasisi za uhifadhi. Hatua hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Ila tusisahau kwamba tulishafundishwa somo hili na Selous, na bado tukalirudia.

Hoja ya nne: "Tukate mwaka huu, tutaongeza mwakani"

Barabara ya lami ukiiahirisha, mwakani utaijenga kwa gharama kubwa kidogo. Tembo haongozwi na mwaka wa fedha. Jike hubeba mimba kwa miezi 22, na kwa kawaida huzaa ndama mmoja kila baada ya miaka minne au mitano. Pori lililopoteza tembo ndani ya miaka saba litahitaji miongo kuwarudisha, na kwa muda wote huo lilindwe bila kukatika. Akifa tembo mzee anayeongoza kundi, wanapotea pia waliokuwa wakimfuata kwenda kwenye maji wakati wa ukame, kwa sababu yeye ndiye aliyezijua njia.

Chukueni mfano mdogo kuliko tembo, yaani mtego wa waya. Mtu anachoma tairi kuukuu, anatoa nyuzi za chuma zilizo ndani yake, anazisokota ziwe kamba moja ngumu, anafunga kitanzi chenye kuteleza na kukining'iniza kwenye mti kwa usawa wa shingo ya nyumbu. Mtego huo haugharimu chochote. Hutegwa kwa makumi kwenye uwazi kati ya vichaka, kwenye njia ya kuelekea mtoni. Hauchagui: unamkamata nyumbu aliyekusudiwa, na unamkamata pia simba, fisi na twiga. Hakuna ndege isiyo na rubani inayoweza kuufungua. Anahitajika mtu atembee kwa mguu, ainame, aukate na kwenda kutafuta mwingine. Mwezi ambao watu hao hawatembei, mitego haiendi likizo. Inabaki pale inaua, hata kama aliyeitega ameshasahau alipoiweka.

Moto nao hausubiri. Oktoba 2020 moto ulizuka Mlima Kilimanjaro na kuunguza takriban kilomita za mraba 95. Askari wa hifadhi hawakutosha. Wanafunzi wa vyuo na wanakijiji walipanda mlimani kwa mamia, wengine wakiwa na matawi ya miti mkononi. Moyo wao unastahili sifa. Lakini nchi isiyonunua vifaa vya kuzima moto wakati wa utulivu inawaomba vijana wake waende kupambana na moto kwa matawi.

Hoja ya tano: "Wahisani watalipa"

Mwaka 1961, miezi michache kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alitoa tamko mjini Arusha lililokuja kujulikana kama Azimio la Arusha la wanyamapori. Ndani yake alikubali kwamba kazi hii inahitaji wataalamu na fedha, na akayaomba mataifa mengine yashirikiane nasi. Wameshirikiana. Wajerumani wako Serengeti tangu enzi za mhifadhi wao Bernhard Grzimek, na kazi yao inaonekana hadi leo. Hakuna sababu ya kuikataa.

Lakini mtegemea cha nduguye hufa maskini. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa amri moja, na ilipofika Julai shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa halipo tena. Miradi ya uhifadhi iliyotegemea fedha hizo ikakatika katikati, magari yakiwa barabarani na vijana wa vijijini wakiwa kwenye mikataba. Hakuna mpiga kura wa Tanzania aliyeulizwa.

Mfano mwingine ni REGROW, mradi wa dola milioni 150 za Benki ya Dunia uliokusudiwa kukuza utalii wa kusini. Benki ilisimamisha utoaji wa fedha Aprili 2024, kufuatia malalamiko ya wananchi waishio kando ya Hifadhi ya Ruaha kuhusu namna walivyotendewa, na mwishoni mwa mwaka huo mradi ukafutwa. Malalamiko hayo yalikuwa na haki ya kusikilizwa. Kinachoniuma ni kwamba wanavijiji wa Mbarali walilazimika kuyapeleka Washington ili yasikike, kwa sababu mwenye fedha alikuwa huko. Hifadhi ikilipiwa na Watanzania, malalamiko ya Watanzania yatakuwa na pa kupelekwa hapa nyumbani.

Hoja ya sita: "Fedha zenyewe zinaliwa"

Hoja hii haihitaji maneno mengi. Palipo na wizi, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu aseme, TAKUKURU ichunguze, mahakama ihukumu. Hatufungi hospitali kwa sababu mfamasia mmoja ameuza dawa za Serikali. Ukikata bajeti ya kituo ili kumwadhibu mwizi wa ofisini, mwizi atakula kwanza kile kidogo kilichobaki, na atakayelala bila chakula ni askari aliye doria.

Hoja ya saba: "Wanaoishi jirani na hifadhi hawapati kitu"

Hii nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo hoja nzito kuliko zote. Karibu theluthi moja ya ardhi ya Tanzania ina hadhi fulani ya uhifadhi. Ardhi hiyo haikutoka hewani. Wapo watu waliohamishwa, wapo walionyimwa malisho, na mivutano ya Ngorongoro, Loliondo na Mbarali haijaisha. Asiyekubali hilo hana haki ya kumhubiria mtu yeyote kuhusu uhifadhi.

Na upo mzigo wa kila usiku. Mahindi yakishakomaa, mkulima wa kijiji kinachopakana na hifadhi halali nyumbani. Analala kwenye kibanda cha shambani akiwa na tochi, debe la kugonga na matofali ya pilipili yaliyochanganywa na kinyesi cha ng'ombe, ambayo huchomwa ili moshi wake uwakere tembo. Mke anabaki na watoto. Kundi la tembo likiingia saa nane usiku, shamba la ekari mbili linaweza kumalizika kabla ya alfajiri, na pamoja nalo ada ya mtoto na chakula cha mwaka mzima. Mara nyingine anayemalizika ni mkulima mwenyewe.

Sasa tuulize: bajeti ikikatwa, nani anaumia kwanza? Mgeni wa Serengeti ataendelea kulala kwenye hoteli yake. Anayepiga simu usiku na kuambiwa gari halina mafuta ni mkulima huyo. Kifuta jasho cha mazao yake na kifuta machozi cha familia iliyofiwa ni fedha za bajeti hiyohiyo, na tayari hufika vikiwa vidogo na vimechelewa. Fedha za ujirani mwema, zinazojenga darasa la kijiji au zahanati kando ya hifadhi, hukatwa mapema zaidi, kwa kuwa hakuna mtalii atakayelalamika zikikosekana. Uzio wa mizinga ya nyuki, ambao huwazuia tembo na kumpa mwanakijiji asali ya kuuza, unahitaji mtaji wa kuanzia. Shoroba zinazopitisha wanyama kati ya hifadhi na hifadhi zinahitaji kupimwa na kukubaliwa na vijiji kwa mazungumzo, na mazungumzo nayo yana gharama.

Ipo mifano ya njia bora. Burunge, kati ya Tarangire na Ziwa Manyara, vijiji viliungana na kuunda Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori, vikatenga ardhi yao na kuingia mikataba na wawekezaji wa utalii. Mapato yanagawanywa kwa vijiji. Zipo kasoro, na wanavijiji hulalamika, hasa mgao unapochelewa kutoka Serikalini. Lakini hata lalamiko hilo linatuonyesha ugonjwa uko wapi. Wananchi hawa hawaombi uhifadhi upunguziwe fedha. Wanaomba fedha zilizotokana na ardhi yao zirudi, na zirudi kwa wakati.

Kwa hiyo anayetumia machungu ya jirani wa hifadhi kama sababu ya kukata bajeti anamwongezea jirani huyo machungu. Dawa ni kumpa fungu lake kisheria.

Tudai nini

Kukosoa peke yake hakutoshi. Mbunge atakayesimama Dodoma kwenye kikao kijacho cha bajeti anaweza kudai mambo manne, na kila mpiga kura anaweza kumwuliza kama ameyadai.

La kwanza, sehemu ya mapato ambayo taasisi za uhifadhi zinabaki nayo iwekwe kwenye sheria kwa asilimia inayotosha kuendesha kazi, isiwe jambo la kufunguliwa na kufungwa kila Sheria ya Fedha inapopita.

La pili, Hazina iweke kiwango cha chini cha ruzuku kwa doria, moto na maji, kitakachotolewa hata mwaka ambao watalii hawaji. Serengeti ya 1977 na hifadhi zote mwaka 2020 zimetuonyesha kwamba mwaka huo huja.

La tatu, kifuta jasho, kifuta machozi na mgao wa vijiji vilipwe kabla ya fedha nyingine za sekta kugawanywa. Anayebeba mzigo awe wa kwanza kulipwa.

La nne, kila hifadhi itangaze kila robo mwaka imepokea kiasi gani, lini, na imekitumia kufanya nini, na tangazo hilo libandikwe pia kwenye ofisi za vijiji vinavyopakana nayo. Hapo wenye hofu ya fedha kuliwa watapata jibu lao.

Tembo wa Tanzania sasa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 60,000, kutoka 43,000 hivi mwaka 2014. Wameongezeka kwa sababu doria zilirudi, wafanyabiashara wakubwa wa pembe walifikishwa mahakamani, na fedha zilitoka. Bado hatujafika hata nusu ya njia ya kurudi kwenye tembo 109,000 wa mwaka 2009. Atakayepiga kura ya kukata fedha hizo sasa apige akijua kwamba Selous ilishakatiwa, na kwamba waliokata walikuwa na hoja hizihizi.